Shahada ya Usimamizi wa Sanaa, Ukiitazama Kutoka Arusha

Tangu nilipohitimu shahada ya kwanza ya usimamizi wa sanaa nchini Uingereza na kurejea Arusha, wazazi wenye watoto waliomaliza kidato cha sita wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: je, hiyo nayo ni kazi? Huwa najibu kwamba ni kazi, na ilikuwapo hapa mjini kabla ya kuwa na shahada. Anayetaka kumwona msimamizi wa sanaa aliyekomaa na aende kwenye kwaya yoyote kubwa ya usharika amtafute mhazini. Huyo ndiye anayejua sare zimegharimu kiasi gani, studio bado inadai awamu ya ngapi, nauli ya safari ya uinjilisti ya Babati itatoka wapi, na kikao kilichopita kiliazimia nini. Waumini humjua mwalimu wa kwaya, lakini kwaya nyingi ninazozifahamu zimedumu kwa sababu ya mhazini na katibu kuliko kwa sababu ya sauti.

Shahada hufundisha kwa mpangilio yale ambayo mhazini huyo aliyapata kwa kupapasa. Uingereza huchukua miaka mitatu kwa kawaida, Marekani na Kanada minne. Goldsmiths ya London na kampasi ya Scarborough ya Chuo Kikuu cha Toronto ni miongoni mwa mahali inapotolewa. Ndani yake kuna historia ya sanaa, sera ya utamaduni, masoko, uhasibu, mikataba, hakimiliki, uchangishaji wa fedha na mafunzo kwa vitendo.

Katika nadharia zote nilizosoma, moja tu ndiyo ninayoitumia karibu kila wiki. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwamba kiwanda huweza kuongeza uzalishaji mwaka hadi mwaka kwa msaada wa mashine, ilhali muziki ulioandikwa kwa wapigaji wanne bado unahitaji watu wanne na dakika zile zile uliozihitaji siku ulipotungwa, huku ujira wao ukilazimika kupanda sambamba na ujira wa watu wengine. Kwa hiyo pengo kati ya gharama na mapato ya mlangoni si lazima liwe ushahidi wa uzembe au wizi, bali limo katika asili ya kazi yenyewe. Nikizungumza na meneja wa hoteli anayeomba punguzo kwa kikundi cha ngoma, hoja hiyo ndiyo ngao yangu: ngoma iliyopangwa kwa watu kumi ina nauli kumi, sahani kumi na posho kumi, na haichezwi na wanne.

Swali linalofuata ni nani wa kuziba pengo hilo, na hapo ndipo mtaala wa Uingereza na mji wa Arusha vinapoachana. Kule kuna mabaraza ya sanaa ya kugawa fedha za umma, yaliyorithi baraza lililoanzishwa mwaka 1946, na sehemu kubwa ya somo la uchangishaji ni ustadi wa kuandika maombi. Hapa kwetu Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, wasanii wengi hulikumbuka zaidi wanapotafuta usajili na vibali, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo, ambayo lazima irudishwe. Wafadhili wa nje nao si nguzo ya kuegemea daima. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004 na kupendwa kote Afrika Mashariki, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Mwanafunzi anayetoka huku angefaidika zaidi kulichambua tukio hilo kuliko bajeti za majumba ya maonyesho ya London.

Arusha pengo huzibwa na watalii na harusi. Masika yanapoingia, Aprili na Mei, baadhi ya kambi na hoteli za mbugani hufungwa, na kikundi kisicho na sherehe za mjini hukaa bila kazi. Makisio ya mapato ya kikundi cha hapa huanza na kalenda ya mvua, jambo ambalo wahadhiri wangu hawakuwa na sababu ya kulijua.

Upungufu mkubwa zaidi niliouona ni katika somo la kuunda taasisi. Tulifundishwa kampuni na mashirika ya hisani kwa kina, lakini ushirika ulitajwa kwa kupita tu. Ajabu ni kwamba mwendo mfupi kutoka hapa, Moshi, kuna KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, na kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Wachoraji waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, walisajili chama chao cha ushirika Dar es Salaam mwaka 1990, na naona hilo ni somo zito kuliko mengi niliyosomeshwa. Wachoraji wengi wa Arusha bado humuuzia mwenye duka, ambaye naye humlipa kamisheni anayemleta mtalii, na mchoraji hubaki na kilichosalia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini ulinzi huo una faida ndogo kwa mtu ambaye hana hata nakala ya alichokiuza.

Binti anayenitaka ushauri namwambia aulize mambo matatu kabla ya kujaza fomu: uhasibu unafundishwa kwa mihula mingapi, mikataba inafundishwa na mwanasheria au na mwalimu wa sanaa, na mafunzo kwa vitendo atayafanya akishika bajeti halisi au akipanga viti. Majibu yakiwa dhaifu, asome uhasibu katika Chuo cha Uhasibu cha hapa Arusha, kule Njiro, au ushirika Moshi, na jioni aendelee kuwa mhazini wa kwaya yake.