Jinsi nilivyoacha kuishiwa dawa ya pumu chuoni

Nilipopanda treni Kigoma kuja kuanza chuo Tabora, mama alinifungia dagaa, mihogo mikavu na inhela mbili, vile vikopo vya kuvuta dawa ya pumu kwa mdomo, moja ya bluu na moja ya kahawia. Hesabu ya lini dawa inaisha ilibaki kichwani mwake.

Mwezi wa kumi, mvua bado haijanyesha, vumbi limetanda, kifua kikanibana usiku. Ile ya bluu haikuwa na kitu. Mwenzangu wa chumba alinisindikiza hospitali, nikapewa dawa ya mvuke hadi nikatulia. Asubuhi nikapiga simu nyumbani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ile ya kahawia unavuta kila siku?”

Nilikuwa nimeiacha, kwa sababu nilijiona mzima.

Daktari alinieleza vizuri. Ya bluu, salbutamol, hufungua njia ya hewa ukibanwa. Ya kahawia, beclometasone, hutuliza uvimbe ndani ya njia hizo polepole, kwa hiyo huvutwa hata siku usiyoumwa. Natamani kila mwenye pumu aelezwe hivyo akiwa bado mdogo.

Kadi ya bima ya afya nayo nikaifuatilia chuoni mwenyewe, siku mbili.

Kilichonisaidia hasa ni hesabu. Inhela yangu ya kahawia ina mivuto 200. Navuta miwili asubuhi, miwili usiku, basi ni siku 50. Nikifungua mpya naandika tarehe ya kuisha kwenye kopo, na simu hunikumbusha wiki moja kabla. Ya bluu inakaa chini ya mto, na mwenzangu anajua ilipo.