Kuponi Iliyoroa

Ilikuwa Mei, masika yamepamba moto, na pale Darajani, mjini Unguja, maji yalitufika vifundoni. Kampuni moja ilikuwa imetangaza ofa ya siku tatu: anayepanda daladala namba 502 kwenda Bububu hatoi nauli. Vijana wa kampuni wanagawa kuponi kituoni, abiria anampa utingo, utingo anakwenda kuzibadilisha pesa siku zikimalizika.

Siku ya kwanza walipanda hata wasio na safari. Siku ya pili matingo wakaanza kuita, "Kuponi zimejaa! Wenye pesa twende!" Kituo kizima kikawalaani. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva na nilimsikia akilalamika: petroli hainunuliwi kwa kuponi, na mwenye gari anataka hesabu yake jioni ile ile. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho wanachogawana yeye na utingo. Sifa za ukarimu zilikwenda kwa kampuni, na walioukopesha ukarimu huo ni hawa wawili. Hilo linaniuma mpaka leo.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja na pakacha lake la samaki. Tulipofika Maruhubi utingo akamnyooshea mkono. Bibi akafungua fundo la kanga taratibu, akatoa kikaratasi kilichoshikana kama jani la chai.

"Bibi, hii imeroa. Wino wote umetoka, hawatanilipa."

"Mwanangu, si ndiyo niliyopewa?"

"Basi nipe pesa."

"Ningekuwa na pesa ningesimama foleni na mvua yote hii?"

Nyuma wakaanza kuzozana, hawa wanamtetea bibi, hawa utingo. Nilikuwa na noti mfukoni, na mkono wangu ulikuwa mzito. Mzee aliyekaa mlangoni ndiye aliyempa bibi kuponi yake kavu, kisha yeye mwenyewe akalipa pesa taslimu. "Haya, mwanangu, yameisha hayo."

Dereva hakusema neno. Alinyoosha mkono nyuma, akaichukua ile kuponi mbichi, akaikunjua kwa kidole gumba juu ya dashibodi, karibu na kioo, akaibana kwa kiberiti. Nikawa naitazama tu. Niliposhuka Kibweni pembe zake zilikuwa zimeanza kujikunja, na namba moja tu, saba, ilikuwa bado inasomeka.