Wakili wa mbuzi na minazi

Nilipoanza uwakili hapa Malindi nilidhani nitashika jinai tu. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya wizi wa mbuzi. Mbuzi watatu, mashahidi saba, na hakimu aliyejikaza asicheke.

Siku hizi ofisini tuko wawili, mimi na karani, juu ya duka la vitambaa. Asubuhi huenda niko kwa Kadhi na mirathi: ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inampa ndoa, talaka na urithi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusimama mbele yake. Mchana ni mashamba, na huko ndiko nilikozeekea. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha wengi pwani hii bila hati, kwa hiyo mzee huja na mnazi kuwa ushahidi: "Mwanangu, huu aliupanda babangu." Basi naenda kuuona. Ndara za shambani hazitoki kwenye buti la gari.

Katikati nilifundisha miaka miwili, nikaliandikia ripoti shirika moja ambalo mpaka leo halijanilipa. Jana mzee wa mnazi kaniletea madafu sita. Nimeyaingiza kwenye daftari la malipo.