Si uvivu, ni chuma kimepungua

Dada yangu alikuwa akishuka feri Likoni na kupanda kile kilima anahema, moyo unamwenda mbio, na nyumbani anaitwa mvivu. Iliniuma sana. Hedhi yake ni nzito, na damu nyingi ikitoka kila mwezi, madini ya chuma huondoka nayo. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ilipopimwa ilikuwa 12.3, akaambiwa yuko sawa. Lakini akiba ya chuma mwilini huonyeshwa na feritini, protini inayohifadhi chuma na hupimwa kwenye damu, na yake ilikuwa chini kabisa. Wanawake wenzangu, kiulizieni kipimo hicho! Sasa anameza vidonge alivyoandikiwa na daktari. Chai haiandamani tena na mbaazi, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Ndimu nayo husaidia, kwa hivyo mchicha wa soko la Marikiti anaukamulia.