Otomatiki Ipi? Neno kwa Anayetaka Kununua Premio

Shemeji yangu alinitumia picha za Toyota Premio ya mwaka 2008 aliyokuwa ameipenda, akanieleza rangi yake, ukubwa wa injini, kilomita ilizotembea na hata hali ya viti. Nilipomuuliza giaboksi yake ni ya aina gani, akajibu, "Si otomatiki tu, shemeji?"

Premio zilizotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, zenye injini ya cc 1500 au 1800, zina otomatiki ya gia nne. Injini huzungusha mapanga yaliyo ndani ya toki konveta, chombo kinachoiunganisha injini na giaboksi, mapanga hayo husukuma oili, na oili huzungusha mapanga ya upande wa pili. Kisha nguvu hupita kwenye gia halisi za chuma, ambazo dereva huhisi kila zinapobadilika. Umbo jipya lililotoka mwaka 2007, ambalo ndilo la gari la shemeji, lina CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia. Hiyo nayo ina toki konveta, lakini baada ya hapo hakuna gia ya kwanza wala ya nne: kuna puli mbili zenye umbo la koni zinazotazamana, na mkanda wa chuma unaopita katikati yake. Koni zikisogeleana mkanda hupanda, zikiachana hushuka, na uwiano kati ya mzunguko wa injini na wa magurudumu hubadilika bila kituo. Wazo hilo ni la zamani, kwani gari dogo la Uholanzi, DAF 600 la mwaka 1958, lilitembea kwa mikanda ya mpira. Kilichonishangaza nilipojifunza ni kwamba huu wa chuma hauvuti kama mkanda wa mashine ya kusaga. Vipande vyake vidogo, ambavyo ni mamia, husukumana.

Ndiyo maana ukikanyaga mafuta kwa nguvu injini huvuma kwa sauti ileile huku mwendo ukipanda taratibu, na asiyejua hudhani giaboksi inateleza. Haitelezi. Itateleza ukiitilia oili isiyo yake, kwa sababu oili ya CVT ina kazi mbili zinazopingana: kulainisha chuma na wakati huohuo kuuwezesha mkanda kushika puli.

Hilo nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita fundi alimwaga oili ya Premio yangu, nayo ya CVT, akajaza haidroliki nyekundu ya kawaida, ile ya otomatiki za gia, nami nilisimama pembeni nikimtazama bila kusema neno. Baada ya wiki chache gari lilianza kutetemeka kila lilipoondoka kwenye taa za barabarani. Tuliibadilisha oili mara mbili kwa ile inayotakiwa, mtetemeko ukapungua, lakini mlio mwembamba uliokuwa umeanza haukuondoka hadi nilipoliuza gari. Kwa CVT za Toyota, oili yenyewe huandikwa TC kwa zile za awali na FE kwa zilizofuata. Kitabu cha gari ndicho cha kuamua, si rangi ya oili wala mazoea ya gereji.

Kama safari zako ni za mjini, CVT ni nzuri na ina starehe. Kwa anayepanda na kushuka mlima Kitonga akiwa na familia na mizigo, mimi ningependelea otomatiki ya gia, kwa mfano ile ya gia sita iliyomo kwenye Mark X inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, ingawa kwa mafuta utajua mwenyewe. Mwenye CVT asishuke mlima mrefu akiwa kwenye D huku mguu ukilala kwenye breki. Ashushe lever hadi S, B au L, kutegemea gari, ili injini nayo ishike mwendo.

Camry za haibridi nazo huandikwa CVT, jambo linalopotosha, kwa kuwa ndani yake hamna mkanda wowote: ni seti ya gia zinazozungukana kama sayari, zikiunganisha injini na mota mbili za umeme. Volkswagen Passat zenye klachi mbili huingiza gia kwa wepesi wa ajabu, ila kwenye foleni ya kusogea hatua kwa hatua klachi hizo huteseka, hasa zile kavu, zisizozama kwenye oili.

Shemeji ameinunua ile ya 2008. Nimembandikia karatasi ndani ya boneti, kwa herufi kubwa: CVT, USITIE HAIDROLIKI.