Bibi Alipokabidhiwa Kikombe

Mdogo wangu alijifungua wiki ya 32, masika ya mwaka 2014, wakati barabara ya kutoka Pangani hadi Tanga ilikuwa haijatiwa lami na mvua ikinyesha kidogo tu magari yanakwama. Mtoto wa kike, gramu 1,560. Alipelekwa moja kwa moja wodi ya watoto njiti, akawekewa dripu mkononi na mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi mjini, kwa hiyo kazi ya kupeleka chakula, kufua kanga na kusikiliza maelekezo ya wauguzi ikawa yangu.

Mama alifika kesho yake na kapu la ukili. Ndani mlikuwa na pakiti ya glukosi, chupa mpya ya kunyonyeshea, chupa ya chai yenye maji ya moto na kifuko cha tende alizopewa na Baba. Kwetu Mama si mtu wa kubishiwa katika habari za mtoto mchanga. Mzazi yeyote mtaani akirudi kutoka hospitali, yeye ndiye anayeitwa kumkanda, kumpikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mtoto. Amezaa saba na wote saba wamekua. Alimtazama mjukuu wake kupitia kioo, akautazama ule mpira, akauliza, "Sasa huyu anakula nini?"

Mdogo wangu akamwonyesha. Alikuwa amekaa kitandani ameshika kikombe kidogo cha plastiki, anakamua. Sista wa zamu alikuwa amemfundisha asubuhi ile: nawa mikono kwa sabuni, weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi ya titi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Usivute chuchu, usiteleze vidole juu ya ngozi. Baada ya muda mrefu chini ya kikombe palionekana matone ya njano, mazito, ambayo hayakutosha hata kulowesha kitako chake. Sista akayavuta yote kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hata lile tone lililoganda ukingoni.

"Hayo si maziwa," Mama akasema. "Hiyo ni dang'a. Inakamuliwa inamwagwa, maziwa yenyewe yaje."

Sista alikuwa mwanamke wa makamo, kwa lafudhi yake ni Msambaa. Aliweka bomba chini, akageuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, haya ya njano ndiyo kinga yake ya kwanza. Huyu amekuja kabla mwili wa mama yake haujamaliza kumpa kinga ya kutosha. Tukiyamwaga haya, tumemwacha bila ngao."

Mama hakujibu. Nilijua kwamba hakukubali. Kunyamaza kwake ni heshima tu mbele ya mtu mwenye kazi yake.

Ugomvi wenyewe ulizuka siku chache baadaye, na ulizuka kwa sababu ya mizani. Mtoto alikuwa ameshuka hadi gramu 1,430. Kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani kwake palikuwa pameandikwa kiasi cha maziwa: mililita 12, kila baada ya saa 3. Mama alimwomba mdogo wangu amwonyeshe mililita 12 ni kiasi gani. Alipoona kwamba hazijazi hata kijiko kimoja cha chakula, alisimama.

"Mtoto anashindishwa njaa," alisema, na safari hii sauti ilisikika wodi nzima. "Anapungua mnamtazama! Mimi nimekuja na glukosi, nimekuja na chupa, maji yamechemshwa. Vijiko viwili tu atalala ameshiba."

Sikumlaumu hata kidogo. Ukiona mtoto mwenye ngozi inayoonyesha mishipa, mapaja yake membamba kama kidole chako, halafu ukaambiwa kwamba amepungua, kila kitu ndani yako kinataka kumlisha. Hofu yake ilikuwa ya upendo. Na mdogo wangu, aliyekuwa hajalala vizuri tangu ajifungue, alianza kulia na kuniangalia mimi kama kwamba mimi ndiye mwenye jibu.

Sista alivuta kiti akakaa. Hilo nalikumbuka sana: alikaa, hakusema akiwa amesimama juu yetu. Alimweleza Mama kwamba karibu kila mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, kwamba kupoteza hadi sehemu moja ya kumi ya uzito kunatarajiwa, na mjukuu wake hajafika huko. Kwamba kiasi cha maziwa kinaongezwa kidogo kidogo kila siku kwa sababu utumbo wa njiti ni mwororo. Ukiulazimisha unaweza kuvimba, kuoza, hata kutoboka, na mtoto wa uzito huu akipatwa na hilo wengi hawaponi. Kisha akaichukua ile pakiti ya glukosi.

"Hii, bibi, itamjaza tumbo. Atalala, ndiyo. Lakini ndani yake hamna cha kujenga nyama, hamna mafuta, hamna kinga. Na tumbo likijaa maji ya sukari, maziwa ya mama yake hayana pa kukaa. Maziwa yasipotoka, titi nalo linapunguza kutengeneza."

"Na chupa?"

"Chuchu ya chupa kuisafisha ikatakata ni kazi. Maziwa yanaganda kwenye pembe zake, vijidudu vinazaliana humo. Tena huyu bado hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango. Ukimwekea chupa mdomoni maziwa yanaweza kwenda kwenye mapafu. Akifika wiki ya 34 hivi, tutaanza kumjaribu. Kwa kikombe."

"Kikombe?" Mama aliona kama amefanyiwa mzaha.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama wa mapacha ambaye maziwa yake hayakutosha pamoja na kukamua usiku na mchana. Daktari alikuwa amemwandikia maziwa ya kopo. Namtaja kwa sababu alikuwa akiona aibu mbele yetu, na hapakuwa na sababu yoyote ya aibu. Sista alimpa muda uleule aliotupa sisi. Alimfundisha kwamba unga ule haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani, kwa hiyo maji yachemke, yasiachwe zaidi ya nusu saa, ili yakikutana na unga yawe bado na joto lisilopungua nyuzi 70. Ndipo yapoozwe kwa kuweka kikombe ndani ya maji baridi, na ajaribu tone kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumpa mtoto. Apime kwa kijiko cha kopo hilohilo, unga usawazishwe juu yake, asizidishe ili washibe wala asipunguze ili kopo lidumu. Yakipita saa 2 bila kutumika, yamwagwe. Mama yangu alisikiliza yote hayo akijifanya anasuka ukili. Nilimwona mikono ikisimama kila jambo jipya liliposemwa.

Baba alikuja Ijumaa. Alikuwa ameshamsomea mjukuu dua kwa simu; sasa alitaka kumfanyia tahniki, amguse kaakaa kwa tende iliyolainishwa kama alivyofanyiwa kila mmoja wetu. Niliogopa siku hiyo kuliko siku ya glukosi, kwa sababu hapa hatukuwa tena na mazoea tu, palikuwa na dini. Sista alimweleza hali ya mtoto kwa maneno machache. Baba alitulia, akautazama ule mpira, akasema, "Hii ni sunna, na mtume wetu ametufundisha hakuna kudhuru wala kudhuriana." Akakifungua kifuko cha tende akampa mdogo wangu. "Kula wewe. Bi Maryamu aliambiwa atikise mtende ale. Zitamfikia kupitia kwako." Mdogo wangu alikula akitokwa na machozi, na Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona yote.

Sista alikuwa na akili ambayo sijaiona kwa wahudumu wengi. Wengi wanamfundisha mama wa mtoto peke yake, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyechoka, kisha wanamrudisha kwenye nyumba ambayo hana amri hata ya sufuria. Anafika, bibi anasema mtoto apewe maji, anapewa maji. Kliniki ikiuliza, anadanganya kwa hofu. Yule sista alijua nani ataamua mambo Pangani. Mtoto alipoanza kulambalamba midomo na kutafuta titi, siku ile mpira ulipokaribia kutolewa, hakumwita mdogo wangu kwanza. Alisema, "Bibi, njoo unawe mikono."

Mama akanawa hadi viwiko. Akaketi. Mtoto akafungwa kitambaa ili asipige kikombe kwa mikono, akawekwa mapajani akiwa ameketishwa karibu wima, shingo na mabega yameshikwa kwa mkono mmoja. Kikombe kilikuwa kidogo, kimechemshwa, maziwa yamefika karibu na ukingo. Sista akaushika mkono wa Mama, akakiinamisha kikombe hadi maziwa yakagusa mdomo wa juu huku ukingo umeegemea mdomo wa chini.

"Sasa ngoja."

"Nimmiminie?"

"Usimmiminie hata tone. Akimiminiwa anapaliwa. Mwache ayafuate mwenyewe."

Mama aliganda. Mikono ile imesuka misala na makapu maisha yake yote, inajua kutulia. Mtoto alifungua macho. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka tena ukagusa maziwa, ukaanza kuramba. Akaramba, akapumzika, akaramba. Alipofumba mdomo Sista akasema basi, kwa leo ametosheka, na kilichobaki kikapitishwa kwenye mpira. Mama akamweka begani, akamsugua mgongo mpaka akacheua.

"Mke mwenzangu huyu," akasema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu afike Tanga, "anakunywa kama paka."

Tangu saa ile kikombe kikawa chake. Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, mchana na usiku, alikuwa wa kwanza kuamka. Yeye ndiye aliyemtikisa mdogo wangu, "Amka ukamue, wakati umefika." Yeye ndiye aliyekataa maziwa yaliyokaa zaidi ya saa 4 kwenye joto la wodi, hata pale mdogo wangu alipolia kwa uchungu wa kuyaona yakimwagwa. Na mdogo wangu alipokwenda kuoga au kula, Mama alimfunga mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu. Wauguzi waliita kangaruu. Maziwa ya mdogo wangu yaliongezeka sana tangu aanze kumbeba hivyo, na mwaka 2021 niliposoma kwamba utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania ulionyesha kwamba watoto wadogo wa uzito kama wa kwetu wakibebwa hivi mara tu wanapozaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo vinapungua kwa robo, sikushangaa. Nilisikitika tu kwamba mwaka 2014 tulisubirishwa siku za mwanzo.

Karatasi ya kitandani ilipanda: 12, 16, 20, 26, hatimaye 32. Uzito wa kuzaliwa ulirudi, ukapita. Tuliruhusiwa alipokuwa ananyonya titi mwenyewe mchana na kumaliziwa kwa kikombe usiku.

Nyumbani Pangani ndiko nilikoona faida halisi. Shangazi alikuja na dawa ya chango ya kwenye chupa. Jirani alileta maji ya mchele, mwingine akasema mtoto wa miezi mitatu anayelia anataka uji, mwingine akaleta asali ya nyuki wadogo apakwe ulimini. Mdogo wangu hakuhitaji kufungua mdomo. Mama alipokea kila kitu kwa shukrani, akakiweka kabatini, akasema, "Huyu ni maziwa ya mama yake peke yake mpaka miezi sita. Asali mpaka amalize mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu kwa watoto wachanga. Hivyo ndivyo ninavyolea mimi." Nani angembishia? Glukosi yake mwenyewe aliikoroga kwenye maji ya ndimu akampa Baba aliporudi kutoka shamba.

Kliniki ya kwanza ya kurudi, mtoto alipimwa gramu 2,700. Sista alikuwa zamu. Alimkumbatia Mama, kisha akamwomba kitu: wodini kulikuwa na bibi kutoka Handeni, ana mjukuu njiti, amekuja na chupa, na amekataa kabisa habari ya kikombe.

Mama alinikabidhi mtoto na kapu, akaenda kunawa. Nilimfuata hadi mlangoni. Walikuwa wameketi bega kwa bega, yule bibi amemshika mjukuu wake, Mama ameushika mkono wake wenye kikombe, na namsikia akimwambia, "Dada, usimmiminie. Mwinamishie tu, yeye atakuja." Alikaa naye mpaka mlo uliofuata ili amwone akifanya peke yake. Basi la mchana likatuacha, tukaondoka na la saa kumi na moja.