Msiba ambao mwana hakuambiwa

Mama niliyekuwa nikimhudumia Helensburgh, Scotland, alifariki Januari 2024, alfajiri, mvua inanyesha. Mwanawe wa pekee alikuwa hai na mzima wa afya. Alikuwa na mke na watoto mtaa wa pili, na mwajiri anayejua jina lake, namba yake na saizi ya viatu vyake. Na hakuna aliyeweza kumwambia. Alikuwa ndani ya nyambizi ya nyuklia, chini ya bahari, mahali ambapo hata mkewe hakuruhusiwa kupajua.

Mimi ni mtoto wa Mtongwe, Mombasa. Nimekulia jirani na kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, na wanaume wengi wa ukoo wetu ni mabaharia wa meli za mizigo. Shemeji yangu alifiwa na mamake akiwa Ghuba. Maziko hakuyawahi, maana kwetu maiti halazwi, lakini saa ile ile alipigiwa simu, akalia, akasomewa Yasini simuni naye anaitikia. Kwa hiyo nilipofika Uingereza mwaka 2022 kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, nikaambiwa kwamba mteja wangu mpya ana mwana baharini, nilidhani jambo hilo nalifahamu.

Helensburgh ni mji mdogo ulio kwenye mlango wa mto Clyde, na Faslane, kambi ya wanamaji, iko juu yake kidogo, kwenye ghuba nyembamba ya Gare Loch. Hapo ndipo zinapolala nyambizi nne za makombora za Uingereza: Vanguard, Victorious, Vigilant na Vengeance. Tangu mwaka 1969, enzi za nyambizi zilizotangulia hizi, moja lazima iwe imejificha baharini wakati wote, usiku na mchana, bila kukatika hata siku moja. Watu wa mji hawazijadili sana. Unazijua kwa wanaume unaowaona dukani leo, kisha huwaoni tena mpaka majira yabadilike.

Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, naye akaniita binti yake bila kujitahidi. Marehemu mumewe pia alikuwa mtu wa nyambizi, zile za kizazi kilichotangulia. Kwenye meza ya kitandani kwake kulikuwa na beji mbili za dhahabu, kila moja ina pomboo wawili walioelekeana na taji la kifalme katikati. Baharia haipewi mpaka awe ameijua boti yote, ndivyo wanavyoiita nyambizi, kila vali na kila bomba, maana ukizuka moto au maji yakiingia hakuna wa kuja kukusaidia. Ya mume ilikuwa imeparara kwa kushikwashikwa. Ya mwana, ambayo alimwachia mamake na kujinunulia nyingine, Mama aliisugua kwa kitambaa cha miwani kila Jumapili.

"Baba yake alipokuwa akiondoka nilikuwa napanda viazi," aliniambia, "na akirudi nachimba."

Ndivyo ilivyokuwa. Miezi miwili, mitatu ikizidi. Mwanawe naye alianza kazi kwa safari za namna hiyo. Kisha zikaanza kurefuka. Mara miezi minne, mara mitano. Kufikia mwaka 2023 zilikuwa zinapita sita, na safari aliyoondoka nayo mwishoni mwa kiangazi cha mwaka ule hakuna aliyethubutu kuikadiria. Tarehe ya kurudi ni siri.

Sababu nilikuja kuielewa jikoni kwa mkamwana wake, mwanamke mpole ambaye alinieleza kama mtu aliyekwisha kuieleza kwa wengi. Boti hizi ziliingia kazini kati ya mwaka 1993 na 1999, na zilikusudiwa kutumika miaka 25. Nyingine mpya, za aina ya Dreadnought, zilipaswa ziwe tayari kuzipokea. Lakini wanasiasa waliahirisha uamuzi mwaka 2010, wakaahirisha tena, na sasa ya kwanza inangojwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Kwa hiyo hizi kuukuu zinasukumwa zaidi ya umri wake. Vanguard yenyewe iliingia yadi ya Devonport mwishoni mwa mwaka 2015 kwa ukarabati uliopangwa kuwa wa miaka mitatu hivi, ikatoka 2023. Katikati yake ililazimika kufunguliwa kinu chake cha nyuklia na kutiwa fueli mpya, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa awali, kwa kuwa mwaka 2012 kinu cha majaribio cha Dounreay, pacha wa vile vya baharini, kiligunduliwa kina dosari ndogo kwenye fueli yake.

Zikabaki tatu za kufanya kazi ya nne, nazo zinazeeka. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, na neno lake kwa manahodha wenye tamaa lilikuwa moja: chombo kisipopandishwa pwani kikazibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, kwa wakati wake, siku kitakapopanda kitakaa mara tatu. Ndiyo hesabu ya Faslane. Iliyoko nje haiwezi kurudi mpaka nyingine iwe tayari kuipokea zamu. Ya pili ikichelewa kwa sababu ya pampu au waya, ya kwanza inaendelea kungoja. Ikikaa sana baharini, inarudi imechoka zaidi, inahitaji matengenezo marefu zaidi, na mzigo unaielemea ile iliyoipokea.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 magazeti yaliandika kwamba ndani ya Vanguard, kwenye sehemu ya kinu, zilikutwa bolti zilizokatika vichwa kisha vichwa vikabandikwa kwa gundi. Zilikuwa zinashikilia kinga ya mabomba ya kupozea kinu. Mama nilimsomea habari ile kwa sauti, maana macho yake yalikuwa yameshapungua nuru. Akaninyamazisha kwa mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Gundi?" Siku ile hakula mchana. Mwanawe hakuwa kwenye boti hiyo, lakini kwake hilo halikuwa na maana yoyote. Walioko humo wana mama zao.

Mkamwana aliandika familigramu kila wiki. Ni ujumbe wa maneno 120, ambao zamani ulikuwa wa maneno 40, na ndiyo habari yote anayoipata baharia kutoka nyumbani. Unasomwa kwanza na watu wa nchi kavu kabla ya kurushwa, na haujibiwi, kwa sababu boti ikitoa sauti hewani itajulikana ilipo. Mke anaandika mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, bila kujua kama upande wa pili mtu amecheka au amelia. Wote tunalalamika mtu akichelewa kujibu meseji saa moja. Mimi tangu nimjue mwanamke yule sijalalamika tena.

Novemba Mama aliugua mapafu. Desemba akawa hanyanyuki. Alikuwa na desturi ya kuniuliza kila jioni nikimfunika, "Wamerudi?" nami nikimjibu, "Bado, Mama, lakini wako njiani." Kwa hesabu ya zamani, ya viazi, mwanawe angekuwa ameshafika. Angemkuta anazungumza. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe mpaka leo, kwa sababu si ajali ya bahari wala vita iliyomzuia. Ni ratiba ya karakana.

Usiku aliofariki nilikuwa kwenye zamu. Nilimpigia simu mkamwana, akaja na koti juu ya nguo za kulalia, akakaa upande mmoja wa kitanda nami upande wa pili. Baada ya muda akasema, "Sijui nimwambie nani." Jamaa wote tayari alikuwa amewaambia. Alikuwa na maana ya huyo mmoja.

Habari mbaya hazitumwi. Alinieleza kwamba kabla ya kuondoka baharia huulizwa angependa kufanyiwaje msiba ukitokea, na mumewe alikuwa amechagua asiambiwe mpaka safari iishe. Boti haitageuzwa kwa ajili yake, na akiwa na simanzi ndani ya bomba la chuma pamoja na watu zaidi ya 130, hana pa kwenda kulia. Nilielewa. Hata hivyo kwetu mtu kukaa wiki nane, kumi, anakula, anacheka na wenzake, na mamake yuko kaburini, ni jambo ambalo mwili wangu ulilikataa.

Mazishi tulisubiri kidogo, kama kwa bahati yule angetokea. Wakubwa wa kambi walikuwa watu wema. Kasisi wao alikuja mara nyingi, akaleta chakula, akapanga magari. Ila tarehe hakuitoa, naye pengine hakuwa nayo. Mwishowe mkamwana akasema basi. Ibada ilifanyika, wajukuu wakabeba maua, nikasimama nyuma na koti langu la kazi, nikamwombea kwa dua ninazozijua mimi.

Jioni ile, wageni walipoondoka, ilikuwa zamu ya familigramu. Sikupanga kuwepo, nilikuwa naosha vikombe. Aliketi kwenye meza ya jikoni, kompyuta mbele yake, akaandika na kufuta, akaandika na kufuta. Kila wiki tangu mumewe aondoke alimalizia kwa maneno yale yale: Mama anakusalimu. Sasa akiyaandika ni uongo, na siku atakapojua atarudi kuusoma ujumbe ule na tarehe yake. Akiyaacha, mume atagundua, maana mtu asiye na kingine cha kusoma husoma mpaka nukta.

"Ungekuwa wewe?" akaniuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Tukakaa. Akaandika habari za jino la mtoto, za mfereji wa bati uliofumuka kwa upepo, za timu ya mpira wanayoipenda imefungwa tena. Kisha akaandika: Leo ndugu wote walikuja nyumbani, tulikula pamoja, tulikutaja sana. Kila neno lilikuwa kweli. Akahesabu maneno, akapunguza mawili, akatuma, akafunga kompyuta, akalaza kichwa juu yake.

Boti ilirudi Machi. Tulikwenda kuiona pale Rhu, ambapo ghuba inabanana na meli hupita karibu na barabara. Kwanza zilitokea mashua za polisi, kisha tagi, kisha mgongo mweusi mrefu wenye watu waliosimama juu yake wamevaa majaketi. Sikuwahi kuona chombo cha serikali kubwa kikiwa katika hali ile. Ubavuni pote kulikuwa na utelezi wa kijani na kahawia, mwani unaning'inia, na magamba ya bahari yameng'ang'ania, yale yale ambayo wavuvi wa Likoni hukwangua chini ya ngalawa. Mtoto mdogo akauliza kwa nini boti ya baba imeota majani. Mamake hakumjibu, alikuwa akitafuta uso, na kwa umbali ule nyuso zote zilikuwa moja, nyeupe kama za watu waliotoka wodini.

Aliambiwa humo humo ndani na kamanda wake, kabla ya kufunga kamba.

Baada ya siku kadhaa alikuja kunitafuta. Mwanamume mrefu, amekonda, anapepesa macho kwa mwanga wa kawaida wa mchana. Wiki nyingi kitu cha mbali zaidi alichokitazama kilikuwa mwisho wa korido. Siri za kazi hakuzitoa nami sikuuliza. Alisema tu kwamba matunda na mboga mbichi huisha mapema, baada ya hapo ni makopo na vya barafu. Kwamba kinachoharibika hutengenezwa kwa kilichopo, na siku hizi vinavyoharibika ni vingi. Kwamba kinu kinaweza kwenda miaka, hewa wanaitengeneza kutoka kwenye maji ya bahari, hivyo kinachoamua boti ikae muda gani ni chakula na akili za watu. "Na wakubwa wamegundua kwamba akili zetu zinavutika," alisema.

Kisha akauliza lililomleta. "Aliniulizia?"

Nikamwambia kila kitu. Jioni zote. Maneno aliyoyasema na majibu niliyompa. Gundi. Beji. Aliteta nini na daktari, alikataa supu gani, alitaka dirisha lifunguliwe wakati gani. Nilimweleza mpaka usiku, kwa mpangilio, bila kuruka siku ninayoikumbuka, kwa sababu kwetu aliyekosa maziko hudai asimuliwe, na ni haki yake. Hakunikatiza. Alipotoka alinishika mikono yote miwili kama wafanyavyo wazee wa kwetu, na hakuna aliyemfundisha.

Mwezi uliofuata akaandika barua ya kuacha kazi. Ni fundi wa kinu, na mafundi wa namna hiyo jeshi linawatafuta kwa tochi. Mwanzoni mwa mwaka ule ule nafasi ya mkurugenzi mkuu wa nyambizi ilikuwa imetangazwa LinkedIn, mtandao wa watu wanaotafuta kazi. Walimwomba abaki, wakamtajia marupurupu. Mkewe aliniambia kwamba aliwasikiliza kwa heshima, akawashukuru, akawauliza jambo moja: safari ijayo itakuwa ya miezi mingapi. Hawakuweza kumjibu, naye akatia sahihi.